Urbano wa Matenga na Ua wa Korongoni

Padri wetu, viongozi wa mtaa, wanachama wa Chama cha Tenga wa Gitega na ninyi mliotoka Muyinga kabla jua halijachomoza, majirani na ndugu wote mliopanda na kushuka vilima ili kufika hapa, familia ya mzee Barampama inawasalimu, na imemtuma Kastori, mdogo wake marehemu, awasomee safari ya kaka yake. Kastori anaomba mumvumilie pale sauti itakapomkwama, na mumvumilie pia pale atakapocheka, maana habari za Urbano haziwezi kusimuliwa kwa uso mkavu toka mwanzo mpaka mwisho.

Marehemu Urbano Ntirandekura alizaliwa tarehe 25 Mei 1971 huko Bugendana, mkoa wa Gitega, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Barampama na mama Jovina, ambao wote wametangulia, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Urbano, wazazi hawakusumbuka kutafuta jina. Udongo huo hakuufaidi sana, kwani mwaka uliofuata, 1972, kabla miguu yake haijakomaa, mama alimfunga mgongoni wakakimbia pamoja na wengine, wakavuka mpaka kuingia Tanzania, na mwaka 1973 wakapewa shamba lililopimwa kwa kamba katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoa wa Tabora, ambako ndiko alikozaliwa Kastori na ndugu wengine. Kule alijulikana kuwa ni Mrundi, na aliporudi huku akaitwa Mtanzania, na anayetaka kumwelewa marehemu ashike hilo kwanza, kwamba maisha yake yote alitamani kitu kimoja tu, mahali ambapo akikaa hakuna atakayemwuliza ametoka wapi na amekaa kwa nani.

Alisoma shule ya msingi hapo Ulyankulu tangu mwaka 1980 hadi 1986, akamaliza darasa la saba akiwa mzuri wa hesabu na mbaya wa kuimba, na hakuendelea na sekondari kwa sababu mwaka huo baba aliugua kifua, ikabidi mtoto wa kwanza ashike jembe. Jioni alikaa na jirani mmoja aliyesuka matenga ya kubebea nyanya, akaanza kwa kumshikia fito, akaendelea kwa kumaliziamalizia midomo ya matenga, na kufikia mwaka 1990 tenga la Urbano lilijulikana sokoni kwa kuliangalia tu, lina kiuno kama mtungi na halipasuki hata likiangushwa kutoka juu ya lori.

Kuna jambo moja la Ulyankulu ambalo tunaomba mliweke akilini, kwa sababu mbele litatuhusu sana. Kule mwalimu, katekista na mkulima wote walipenda kuotesha ua wa minyaa, ule mti wa vijiti vya kijani wenye utomvu mweupe unaochoma macho, ambao ukikata kijiti ukakichomeka ardhini kinashika bila kubembelezwa, nao wakauzungusha kwenye kisima, kanisa, shule na hata choo, kwa sababu tu unapendeza na unazuia mbuzi, na kwa vile kila shamba lilikuwa limepimwa na wakubwa, hakuna ua uliowahi kumpa mtu ardhi wala kumnyang'anya. Urbano alikulia humo, na kwake yeye ua wa minyaa ulikuwa pambo, kama kitambaa juu ya meza.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Lucia, binti wa kijiji cha jirani, katika kanisa la parokia ya Ulyankulu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Upendo aliyezaliwa mwaka 1998, Bahati aliyezaliwa mwaka 2001, na kitinda mimba Anisia aliyezaliwa Muyinga mwaka 2012. Shemeji Lucia ametuomba tusimsifu mno mume wake kwa upole, kwa sababu nyumbani alikuwa mbishi wa chumvi, mbishi wa redio na mbishi wa njia ya mkato, lakini anakiri kwamba katika miaka ishirini na tisa ya ndoa hakulala hata mara moja akiwa amenuna, na hilo tu wengi wetu hatuliwezi.

Tarehe 3 Septemba 2009 familia ilirudi Burundi, na siku ya pili yake Urbano alipanda hadi Bugendana kuuona udongo wa baba yake, akakuta watu wengine wamekaa hapo kwa zaidi ya miaka thelathini, wamezaa hapo na kuzika hapo. Walimpokea vizuri, wakampa uji, kisha baba wa nyumba akamtembeza polepole kando ya ua mrefu wa minyaa uliozunguka shamba lote, bila kusema neno, naye Urbano, kwa adabu za kwao, akausifu ule ua kuwa ni mzuri na umenyooka. Yule baba alimkazia macho kwa muda, akamsindikiza hadi njiani, na Urbano akarudi akituambia kwamba ni watu wema ila hawapendi kuongea. Shauri la ardhi hakulifungua, alisema hawezi kuwatoa watu mahali walipozika watoto wao, na mwezi wa pili wa mwaka 2010 akachukua mke, watoto na visu vyake vya kusukia, akahamia Muyinga.

Muyinga ilimkaa vizuri, akapata kibanda karibu na soko, katika mtaa wa Waswahili, akasukia wauza nyanya na wauza muhogo, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta akawa mzee Abubakari, fundi cherehani, ambaye yupo hapa leo pamoja na wanawe. Mvua ikinyesha, mfereji wa soko ulijaa maganda, chupa na vitambaa, na uchafu wote ukaishia mlangoni kwa Abubakari, na siku moja mzee huyu, akiwa na fagio mkononi na suruali ya mteja begani, akamwambia maneno ambayo wanachama wote wanayajua kwa moyo, "We Urbano, nyanya iko na tenga yake, ndizi iko na tenga yake, alors takataka yenyewe ilikosea nini?" Kesho yake asubuhi kulikuwa na tenga kubwa la kiuno pale kwenye kona, limefungwa kwenye nguzo, halina mwenyewe.

Hivyo ndivyo kilivyoanza Chama cha Tenga, tarehe 7 Mei 2014, watu sita tu, Wakristo na Waislamu, na mwaka 2016 kikaandikishwa kuwa shirika lisilotafuta faida, ASBL kama tunavyosema hapa, likiwa na kazi ya kupunguza takataka mitaani na kupendezesha mahali watu wanapoishi. Maganda yalikwenda kuwa mbolea ya wakulima, chupa zikakusanywa na kurudishwa mjini, na kona zilizokuwa zinanuka zikapandwa maua. Kazi hiyo marehemu aliifanya kwa namna yake, hakumgombeza mtu wala kumsema, akiona mtu ametupa chupa aliiokota, akamfuata mpaka mlangoni, akabisha hodi, akamwamkia vizuri na kumkabidhi kwa mikono miwili, akisema umeangusha kitu chako, na mwenye chupa hakuwa na la kufanya ila kupokea na kushukuru. Muyinga walijifunza kutotupa ovyo, wengine kwa kupenda usafi, wengine kwa kuogopa kutembelewa.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2019 alihamia hapa Gitega, mji ulipokuwa umeanza kujaa wizara na ofisi, ili afungue tawi la chama, na pia, ingawa hakulisema wazi, alitaka kusogea karibu na udongo wa baba yake. Hapa Kastori anatakiwa aseme ukweli mbele ya mwili wa kaka yake, kwamba yeye alikuwa amepata kazi ya karani na kuvaa tai, na mara mbili, alipomwona Urbano ameinama barabarani na tenga mgongoni anaokota maganda, alivuka akapita upande wa pili. Mara ya pili Urbano alimwona, na jioni akaja nyumbani na kalamu iliyomponyoka Kastori pale pale barabarani, akaitoa kwa mikono miwili, akasema umeangusha kitu chako. Hakulikumbusha tena hadi kufa kwake.

Sasa tunafika kwenye lile korongo. Nyuma ya nyumba za mtaa wetu kulikuwa na shimo refu la mmomonyoko ambalo nyumba arobaini na moja zilikuwa zinatupa humo kila kitu, na Urbano na wanachama kumi na wawili walilisafisha kwa miezi mitano, tenga kwa tenga, mpaka udongo ukaonekana. Jumamosi tarehe 15 Februari 2020, baada ya kazi za jamii, akataka kulipamba kama alivyojua yeye, akaotesha ua wa minyaa kulizunguka korongo lote, vijiti mia tatu na zaidi, vimenyooka kama mistari ya daftari, akarudi nyumbani akiimba vibaya kwa furaha. Jumatatu alfajiri alipofungua mlango wake alivikuta vyote vimeng'olewa na kurundikwa kizingitini, na nyuma ya rundo kulikuwa na watu, na mbele ya watu alikuwa mama Letisia, muuza ndagala, yaani dagaa, ambaye anaijua sauti yake kila mtu anayekwenda soko la Gitega, akisema, "We mutu ya Tanzania, hapa iko kwetu, haiko kwa baba yako, vraiment umekuja kufagia ao umekuja kutunyanganya udongo?"

Alhamisi tarehe 20 Februari aliitwa mbele ya wazee wa mtaa, na huko ndiko alikoelezwa, pole pole kama mtoto, kwamba katika vilima hivi ua una maneno, mtu akiuotesha amesema hapa pana mwenyewe na mwenyewe ni mimi, na kwamba mtaa mzima ulikuwa umeona Mtanzania akijimegea korongo mchana kweupe. Wanaomjua walitegemea ajitetee, lakini alikaa tu, mikono magotini, kwa sababu mawazo yake yalikuwa yamerudi Bugendana, kwenye ule ua aliotembezwa kandokando yake mwaka 2009, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba yule baba alikuwa anamjibu swali lake kabla hajaliuliza, na yeye, mwenye haki yake, akausifu ua uliomfungia nje. Lucia anasema usiku huo alilia, na ndiyo mara pekee aliyowahi kumwona akilia, kwa sababu alitaka mahali pa kuwa mtu wa kwao na sasa amegeuka mnyang'anyi, kitu kile kile ambacho yeye alikataa kuwa.

Tulimshauri arudi Muyinga, na Kastori ndiye aliyeshauri kwa nguvu zaidi. Urbano asubuhi alivipanga vile vijiti katika matenga, akaanza kupita nyumba hadi nyumba, zote arobaini na moja, akibisha hodi na kuamkia kama kawaida yake, akimkabidhi kila mwenye nyumba fungu la vijiti kwa mikono miwili, na kuwaambia kwamba alikosea, hivi ni vyao, wavioteshe wenyewe au wavichome jikoni, yeye hatachomeka hata kimoja. Kwa mama Letisia alifika mwisho, na mama alivipokea kwa ncha za vidole, akavisimamisha ukutani nyuma ya magunia ya ndagala, akamfungia mlango.

Mnyaa haufi kwa kutupwa. Wiki mbili vilikaa pale ukutani bila maji na vikazidi kuchipua, na mama Letisia akaanza kuvitazama, kisha akaanza kumtazama jirani yake Fredi, kinyozi, ambaye naye alikuwa na fungu lake, na akajiuliza itakuwaje Fredi akiotesha kwanza na kusogea upande wake. Tarehe 7 Machi 2020, saa kumi na mbili asubuhi, kabla Fredi hajaamka, mama Letisia alikuwa amekwisha kuotesha upande wake wote, amenyoosha kwa kamba. Fredi alipouona alimwamsha mkewe, wakaotesha upande wao kabla ya chai, nyumba ya tatu ikaona, ya nne ikasikia, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unachimba, kila mtu akimchunga mwenzake asije akasogea hata kwa unyayo mmoja. Mpaka mvua za mwezi wa nne zinaisha, ua ulikuwa umelizunguka korongo lote, umeoteshwa kwa wivu mtupu, umenyooka kuliko ule wa Urbano, na Urbano alisimama kando yake akicheka hadi akakaa chini, akasema kwamba ua wa mtu mmoja ni mpaka, ila ua wa nyumba arobaini na moja ni bustani.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetupa tena taka juu ya ua wake mwenyewe. Ndani ya korongo leo kuna nyasi, maua, migomba miwili ya ubishi na mabenchi ya matofali, ndiko maarusi wa mtaa huu wanakopigia picha, na Chama cha Tenga kina matenga sitini na manane Gitega na arobaini Muyinga, na wanafunzi wa Giheta wamekwisha kuja mara tatu kujifunza kusuka. Mama Letisia aliingia chamani mwaka 2021, akapewa kona ya soko, na tangu mwaka 2023 ni mwenyekiti wa tawi la Gitega, cheo anachokifanyia kazi kwa sauti ile ile. Yeye na Urbano hawakuacha kubishana hata siku moja, na jina la mutu ya Tanzania mama aliendelea kumwita, ingawa alikuwa anaacha sahani ya ndagala mlangoni kwake kila Ijumaa.

Mwezi wa pili wa mwaka 2024 marehemu alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa ni figo, akatibiwa hapa Gitega na baadaye Bujumbura, akarudi nyumbani mwezi wa nane mwaka huu akiwa amekonda lakini akili yake na ubishi wake vikiwa vizima. Hata wodini aliinuka na dripu yake kumrudishia mgeni wa kitanda cha jirani chupa aliyoiacha dirishani. Siku chache kabla ya kuondoka alimwambia mke wake wamzike kwenye makaburi ya mji, popote palipo wazi, akaongeza akitabasamu, "Ila nyinyi msinioteshee ua, watu watasema Urbano ameanza tena." Alifariki Alhamisi tarehe 13 Novemba 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake, Lucia akiwa amemshika mkono; marehemu alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Ametuacha na maumivu makubwa, hatutayaficha kwa maneno mazuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gitega na Bujumbura, ambao hawakumficha jambo na hawakumkatisha tamaa, na hasa yule muuguzi wa zamu aliyekubali tenga liwekwe mlangoni mwa wodi. Inamshukuru mzee Abubakari, aliyepanda basi na goti bovu, na ambaye jana usiku alishona mwenyewe kitambaa kilichofunika jeneza hili, na wanachama wa Muyinga walioleta maji, unga na nguvu za kuchimba. Wafanyakazi wenzake wa matenga, tumeona kwamba leo Jumamosi, kabla ya kuja hapa, mmezunguka kona zote kama kawaida, naye angewabishia hodi kama mngeacha.

Majirani tumewaweka mwisho kwa sababu. Leo saa kumi na mbili asubuhi kulibishwa hodi nyumbani, na mlangoni alikuwa mama Letisia, ameshika kwa mikono miwili kijiti cha mnyaa kilichokatwa upande wake wa korongo, na nyuma yake walikuwa watu wa zile nyumba nyingine arobaini, kila mmoja na chake. Shemeji Lucia akawaeleza kwa huzuni lile agizo la marehemu, kwamba alikataza ua. Mama Letisia akatikisa kichwa, akasema, "Alikataza nyinyi, mais sisi hakutukataza, na ua ya mutu inaoteshwa na jirani, ndiyo watu wanajua hapa iko na mwenyewe." Tuliwakubalia, na mkigeuka mtawaona wamesimama kule nyuma na vijiti vyao, wanangoja padri amalize.

Kaka Urbano, ulitaka mahali ambapo hakuna atakayekuuliza umetoka wapi na umekaa kwa nani, na leo nyumba arobaini na moja zimekuja kukujibia. Pumzika kwa amani, hapa iko kwako.